Nilipodhaniwa Mpima Ardhi

Nilizaliwa Bahi, Dodoma, kwenye nchi tambarare ambako mgeni wako unaweza kumwona anakuja tangu asubuhi, na unakoka moto, unateka maji, unafagia uwanja, naye bado hajafika. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya ualimu Rungwe, kilichonitisha si baridi wala matope. Kilichonitisha ni kutoona mbali. Ukitoka mlangoni kuna mgomba. Nyuma ya mgomba kuna mgomba mwingine, nyuma yake kilima, na juu ya kilima ukungu. Mtu alikuwa ananitokea ghafla njiani, hatua mbili tu mbele yangu, akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, nami nilikuwa naruka kama mwizi. Wenyeji walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nilianza kuchora kwa sababu hiyo. Sikuwa na nia ya kuwa mchoraji. Nilitaka kujua niko wapi. Wanafunzi wakishaondoka, nilisimama kwenye dirisha la darasa, upande ule unaotazama Kawetele, nikachora ubaoni kwa chaki nilichokiona: mlima, paa, njia inayopotelea kwenye mashamba ya chai. Asubuhi kabla ya kengele nilifuta. Baadaye nikahamia kwenye karatasi za manila, kisha kwenye hadibodi, zile mbao nyembamba, na rangi za mafuta, zile zile wanazopakia madirisha. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama video kwenye simu, watu wakisema lugha nisizozijua, nikawa naangalia mikono yao tu. Kwenye picha zangu za kwanza, Mlima Rungwe ulikuwa kama ugali uliopinduliwa kwenye sahani. Ilinichukua muda kuelewa kwamba umbali hautengenezwi kwa kuchora kitu kidogo, bali kwa kukipunguzia kijani na kukiongezea bluu na kijivu, mpaka kinakaribia kuwa moshi.

Fundi seremala mmoja pale mjini Tukuyu alinitengenezea kiegemeo cha kuwekea picha. Kilikuwa na miguu mitatu, inayokunjwa, nami nakibeba begani. Aliniuliza kama ni cha kukaushia samaki.

Siku moja tulikwenda msibani katika kijiji cha Matwebe, walimu wote. Wakati wa kurudi, kwenye mgongo wa kilima, niliona bonde ambalo sikuweza kulisahau. Upande huu migomba, imebanana, na katikati yake nyumba moja ya tofali za kuchoma yenye bati jipya. Kando ya nyumba kaburi la vigae vyeupe. Ng'ambo ya mto, mteremko wa shamba kubwa lililozungushiwa waya, mistari imenyooka kama ya daftari. Na ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni taratibu, kana kwamba kuna mtu anaupuliza kutoka chini.

Jumamosi iliyofuata nikapanda bodaboda, peke yangu, nikamwambia dereva anishushe pale pale na aje kunichukua jioni.

Sikuona mtu wa kumwomba ruhusa. Kulikuwa kimya. Nikasimamisha kiegemeo pembeni ya njia, nikaweka hadibodi yangu, nikaanza. Mtu anayechora anafanya mambo ambayo ukiyaangalia kwa mbali hayaeleweki. Ananyoosha mkono wenye penseli, anafumba jicho moja, anapima urefu wa paa kwa kidole gumba, anaandika alama. Anarudi nyuma. Anapima tena. Nilifanya hivyo muda mrefu nikiwa na furaha, na rangi zilikuwa zinanitii.

Mama mmoja mtu mzima akatokea kwenye migomba akiwa na jembe. Akasimama. Aliangalia kiegemeo, akaniangalia mimi, akaangalia tena kiegemeo.

"Mugonile, mama," nikamsalimia, maana salamu ya Kinyakyusa nilikuwa nimejifunza.

Hakuitika. Akageuka, akarudi alikotoka. Nikadhani hakunisikia. Kumbe baada ya muda mfupi tu nikasikia sauti yake kutoka ndani ya migomba, sauti ya juu, inaita, na sauti nyingine ikaitika chini mtoni, na nyingine tena nyuma yangu, karibu, mahali nilipodhani hapakuwa na mtu.

Wakaja. Walitoka kwenye migomba kutoka kila upande, wanaume na wanawake, na hapo ndipo nilipojua kwamba kile kimya cha mwanzo kilikuwa kimejaa watu. Wengi walikuwa wametoka shambani, kwa hiyo walikuwa na mapanga. Najua kwamba huku kila mtu anatembea na panga, anakatia majani, anakatia ndizi. Nilijua hivyo hata siku ile. Lakini kujua kulikaa kichwani, na tumbo langu lilikuwa linaona mapanga tu.

Wa kwanza kusema alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa gambuti.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nachora."

"Unachora nini?"

"Mandhari."

Nilijuta neno hilo lilipotoka. Wakaangaliana. "Mandhari ndiyo nini?"

"Hii. Milima, migomba, ile nyumba."

"Ile nyumba ni ya nani?"

"Sijui."

"Unachora nyumba ya mtu usiyemjua?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta tangu siku hiyo na sijalipata.

Wakaanza kusema wao kwa wao, Kinyakyusa, kwa haraka, wote kwa pamoja. Hilo ndilo lililonivunja. Mtu akikutukana kwa lugha unayoijua, unajua ubaya wako umefika wapi. Mimi nilikuwa nasoma nyuso. Nilimwona mmoja akicheka na sikujua anacheka nini. Nilisikia neno "bikoni", zile alama za mipaka ya viwanja, kisha "mwekezaji", kisha "parachichi", maneno yaliyokuwa yanaelea juu ya mengine kama mafuta juu ya maji, na polepole nikaelewa kwamba wananidhania mpima ardhi. Mwenye gambuti akashika mguu mmoja wa kiegemeo changu, akautikisa.

"Hii miguu mitatu tunaijua," akasema. "Ng'ambo kule walikuja nayo hii hii. Wakasema wanapiga picha tu. Sasa angalia." Akanyoosha mkono kwenye lile shamba la waya. "Kuna watu walikuwa wanaishi pale."

"Mimi ni mwalimu," nikasema.

"Wa shule gani?"

Nikaitaja. Hakuna aliyenijua. Wakaniambia nimpigie mkuu wangu wa shule, nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Nikamweleza kwa kifupi. Mkuu wa shule akasema kwa sauti ile anayotumia kwenye vikao, "Mwalimu, leo ni Jumamosi. Shule haikumtuma mtu yeyote kwenda huko. Kama kuna kosa, litakuwa ni la kwako binafsi." Akakata.

Walirudi nyuma kidogo, nami nikaona kwamba kurudi nyuma kwao kulikuwa kubaya kuliko kusogea.

Yule mama mwenye jembe akapita katikati yao. Akasogea mpaka kwenye picha, uso wake ukaikaribia sana kama mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano. Akaweka kidole juu ya lile doa jeupe nililolipaka asubuhi kwa raha zote. Akasema maneno machache.

"Anauliza," mwenye gambuti akaniambia, "kaburi la mume wake umelichora la nini."

"Ni zuri," nikasema. "Lina mwanga."

"Huku kaburi linaandikwa pale linapotaka kuhamishwa. Wale wa ng'ambo waliandikiwa makaburi kwanza. Nyumba zilifuata."

Mmoja nyuma akasema, kama ni mchoraji basi achore, tumwone. Akaonyesha ng'ombe aliyefungwa chini ya mgomba. "Mchore yule."

Nikachukua penseli. Nimechora ng'ombe wengi, kwetu Bahi ng'ombe ndiyo mali. Mstari wa mgongo ukaenda kama mto. Nikaufuta, nikarudia, ukaenda kama mto tena. Miguu niliweka mitano, nikagundua, nikafuta mmoja, nikafuta usiostahili. Mwanamke mmoja akasema kwa Kiswahili ili nielewe, "Huyu hajui kuchora." Alisema bila ukali, kama mtu anayesema mvua inakuja, na nikajua kwamba nimekwisha. Ushahidi wangu wote ulikuwa kwenye mkono ule, na mkono ulikuwa umenikana.

Hapo yule mjane akanishika kiwiko. Alikuwa na nguvu za mtu anayelima kila siku. Akanivuta, nikamfuata kwenye migomba, nikiyasikia majani makavu yakivunjika chini ya miguu ya watu nyuma yetu. Akaniingiza kwenye nyumba ile ile niliyokuwa nikiichora, akanikalisha kwenye kigoda, akafunga mlango kwa komeo.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya moshi na maziwa. Nje sauti zilizunguka nyumba. Mara zilipanda, mara zilishuka, mtu akagonga bati kwa fimbo, na kila ilipogongwa nilifumba macho. Mjane akanipa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Niliyashika tu.

"Kunywa," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, z zote zilikuwa s. "Mwenyekiti anakuja. Nimetuma mtu. Wakikuona nje wataendelea kukasirika. Humu hawaingii."

Nikaelewa kwamba alikuwa amenifungia ili nisidhurike. Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Unaogopa?" akauliza.

"Naogopa, mama."

"Na mimi naogopa." Akakaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, jembe liko karibu. "Tangu ile waya isimame kule, nikisikia pikipiki naamka. Naenda kumwangalia yule msee pale nje kama bado yupo. Mtu alishakufa, ataenda wapi? Lakini naenda kuangalia." Kisha akaniuliza, akinitazama sawasawa kwa mara ya kwanza, "Niambie kweli, mwanangu. Umetumwa?"

"Sijatumwa, mama."

Alinitazama sana. Sijui kama aliamini. Mpaka leo sijui.

Mwenyekiti wa kijiji alipofika, alikuwa mtu mfupi, mpole, ana koti kubwa la mvua. Komeo likafunguliwa, nikatoka. Akanisikiliza bila kunikatiza. Akaichukua picha, akaigeuza nyuma, akatafuta kitu, akaigeuza tena mbele.

"Namba ziko wapi?" akaniuliza.

"Namba gani?"

"Ramani ina namba."

"Haina namba. Ni picha tu."

"Picha tu," akarudia, na kuna mtu aliguna. Akafikiri. "Mimi siwezi kusema huyu mama mgeni ni mwongo," akawaambia watu, "wala siwezi kusema ni mkweli. Simjui. Lakini hiki kitu kikibaki hapa hakiwezi kumdhuru mtu. Kivunjwe, na yeye aende zake kwa amani."

Mwenye gambuti akaiweka hadibodi juu ya gogo la kuchanjia kuni. Aliinua panga, na liliposhuka juu ya ubao nikahisi kitu ambacho naona haya kukitaja, maana ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote: nilifurahi. Nilifurahi kwamba ni ubao. Bonde likakatika vipande, na mjane akaokota kile chenye kaburi, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kiegemeo nacho kikavunjwa. Dereva wa bodaboda alikuwa ananingoja njiani, ameinamisha kichwa, na hakunisemesha mpaka tumefika.

Nilidhani hofu itaisha nikifika nyumbani. Haikuisha, bali ilihamia kwingine. Harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, ambayo niliipenda, ikawa inanitoa nje ya chumba. Mzazi mmoja alikuja darasani kumwombea mtoto wake ruhusa, ametoka kukata majani, ana panga lake chini ya kwapa, anatabasamu. Nilijikuta nimegandamana na ubao, chaki imevunjika mkononi, na watoto wote wananitazama. Mkuu wa shule hakulitaja jambo lile, nami sikulitaja. Tulisalimiana.

Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu, mwanamke mwenyeji, tunayepakana naye nyumba. Nilipomwambia yote alikasirika, na hasira yake ilikuwa kwangu mimi.

"Dada, ungeniambia ningekusindikiza. Huku huendi kwenye ardhi ya mtu kimyakimya. Unaanza kwa mwenyewe, unakaa, unakula ndizi, unaeleza. Kaburi ndiyo hati yetu ya ardhi. Wewe unalichora kama ua."

Likizo ilipofika akanichukua kwa dada yake, Matema, kwenye Ziwa Nyasa. Nilikataa kubeba rangi, yeye akazibeba. Kwa siku za mwanzo nilikaa tu mchangani, mbali, maana sijui kuogelea, na kwetu maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la mvua linalokauka kabla hujalizoea. Lile ziwa lilikuwa linavuta pumzi. Milima ya ng'ambo imeshuka moja kwa moja mpaka majini, haina hata mahali pa kuweka mguu. Upepo wa mwera, ule wa kusini, ukivuma, rangi yote inabadilika ghafla, bluu inakuwa kijivu cha chuma, na mawimbi yanapiga kishindo ninachokisikia kwenye meno.

Niliogopa. Lakini ilikuwa hofu isiyo na watu ndani yake. Ziwa halikuniuliza nani kanituma.

Nikachora nimekaa chini, hadibodi juu ya magoti, sikutaka tena kitu chenye miguu. Maji yalinitesa kuliko milima. Wimbi halina mstari. Ukiliwekea mstari linakuwa shuka lililoanikwa. Nilichelewa kuona kwamba unaanza na giza lililo chini ya wimbi, unaliacha giza lenyewe lililete povu juu. Nilifuta, nikapaka, nikafuta. Jioni ya siku ya nne hivi mkono ukaacha kutetemeka, na nilipotambua kwamba umeacha, ukaanza tena.

Kila likizo nikawa narudi. Picha za maji zikajaa chumbani kwangu, nyingine zikaenda kwa watu. Mjini Tukuyu wakaanza kuniita mwalimu wa ziwa, na wengi walidhani natoka Kyela, huko kando ya ziwa. Sikuwasahihisha. Milima na migomba sikugusa.

Kisha siku moja mama wa mwanafunzi wangu, aliyeolewa Matwebe, akaniambia getini kama habari ya kawaida, "Kule kwetu wapima wamekuja. Wana ile mitambo ya miguu mitatu. Wanapiga vigingi."

Nilifikiri mambo mawili, na naona haya kwa mpangilio wake. La kwanza, kwamba watasema ni mimi niliyewaleta. Nilikuwa nafundisha huku nasikiliza pikipiki barabarani, kila iliyopunguza mwendo karibu na shule ilinikatisha sentensi. La pili, lililokuja baadaye lakini likakaa zaidi, lilikuwa yule mjane anayeamka kwenda kumwangalia mzee wake.

Nikamwambia jirani yangu kwamba nataka kwenda. Hakunishauri. Alivaa tu viatu vya mvua.

Tulifika kukiwa na manyunyu. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa yule wa gambuti, na nilimshika jirani yangu mkono kama mtoto. Akanitazama. "Mwalimu," akasema. Kumbe walishaniulizia, walishajua mimi ni nani. "Ni nguzo za umeme, wanasema. Wanasema." Neno la pili alilitamka kwa uzito.

Mjane tulimkuta amesimama kando ya kaburi. Kigingi chenye rangi nyekundu kichwani kilikuwa kimepigwa karibu, ndani ya migomba yake. Hakushangaa kuniona. Alinishika kiwiko kama siku ile.

"Waulise," akasema. "Wewe umesoma. Sisi wakituambia hatujui kama ni kweli. Waulise kwa lugha yao."

Wapima walikuwa chini kidogo, watatu, vijana wa mjini. Watu wakatufuata, wakiwa kimya, mapanga yao mikononi kama kawaida. Yule aliyekuwa kwenye mtambo aliinua uso akatuona tunashuka, na niliona rangi yake inavyobadilika. Niliujua uso ule kutoka ndani. Alilamba midomo. Aliangalia gari lao liko umbali gani.

"Shikamoo, mama," akaniambia, ingawa hakuwa mdogo sana kwangu.

"Marahaba. Usiogope," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ilikuwa inatetemeka. "Nina maswali tu, na wenyewe wanataka kusikia majibu. Hiki kigingi ni cha nini, na hili kaburi litafanywaje?"

Akaeleza. Nikamrudisha nyuma, nikamwambia aeleze tena bila haraka, jirani yangu akawa anatafsiri kwa Kinyakyusa. Waya utapita juu. Nguzo itasimama pale penye kigingi. Kaburi haliguswi. Migomba iliyo chini ya waya itakatwa, na hilo hawezi kulibadilisha yeye. Mjane akauliza ni mingapi, akaonyeshwa mmoja mmoja, na kila alipoonyeshwa mgomba aliugusa. Mwenye gambuti akauliza, mna uhakika? Kijana akasema ana uhakika. Akaulizwa tena na mtu mwingine. Akasema tena. Mkono wake ulikuwa umeshika mguu wa mtambo, nao mtambo ulikuwa unatikisika.

Mjane akaingia ndani, akatoka na maziwa. Alimpa kijana yule kikombe. Kijana alikishika tu.

"Kunywa," nikamwambia.

Nguzo zilisimama. Migomba ilikatwa, ikaachwa ikaoza pale pale kwenye mteremko. Mjane sasa ana taa moja sebuleni na nyingine juu ya mlango wa nje, na hii ya nje, anasema, imempunguzia safari za kwenda kuangalia kaburi, analiona akiwa dirishani. Uzio wa waya wa ng'ambo bado upo na watu walioondolewa pale hawajarudi. Huwa naenda kumsalimia, nakula ndizi na maharage, tunakaa. Nimeanza tena kuchora milima, taratibu, nikianza kwa mwenye shamba, kuomba ruhusa, na bado mtu akitokea ghafla kwenye migomba nyuma yangu rangi inanimwagikia. Bonde lile sijalichora tena. Hakuna aliyenikataza.